Kamera za Taa Nyekundu Chicago: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chicago, jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la Illinois nchini Marekani, lilianza kufunga kamera za kuwanasa wanaopita taa nyekundu mwaka 2003, na miaka michache baadaye hakukuwa na jiji jingine nchini humo lenye kamera nyingi za aina hiyo kama lenyewe. Mengi yanayobishaniwa kuhusu kamera hizi, kuanzia swali la kama zinaokoa maisha hadi tuhuma kwamba ni mtego wa kukusanyia fedha, yamekwisha kupimwa huko kwa takwimu au kufikishwa mahakamani. Kwa sababu hiyo majibu yafuatayo yameegemea Chicago, na yanatoka nje ya jiji hilo pale tu ambapo mahali pengine pana ushahidi ulio wazi zaidi.

Kamera inajuaje kwamba gari limepita wakati taa ni nyekundu?

Kamera yenyewe haijui lolote, huambiwa. Kisanduku kinachoongoza taa huipa taarifa kwamba nyekundu imewaka, na nyaya zilizozikwa chini ya lami, au rada katika mitambo mipya, huhisi gari linaloukaribia mstari wa kusimamia na kupima mwendo wake. Gari likivuka mstari huo baada ya nyekundu kuwaka, mtambo hupiga picha ya kwanza likiwa mstarini huku taa ikionekana, ya pili likiwa katikati ya makutano, na nyingine ya namba za usajili, kisha huhifadhi video ya sekunde chache. Picha hizo hukaguliwa na watu kabla ya notisi ya faini kutumwa kwa posta.

Kosa ni kuingia, si kuwamo. Gari lililoingia katika makutano wakati wa njano halina hatia hata kama nyekundu imewaka likiwa bado katikati, jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na kutolijua huko huwafanya wakanyage breki mahali ambapo hawakupaswa kuzikanyaga.

Kupita taa nyekundu ni hatari kiasi cha kuwekewa mitambo?

Ndiyo. Taasisi ya bima inayochunguza usalama wa barabara kuu nchini Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama IIHS, ilihesabu vifo 1,149 vilivyotokana na ajali za aina hii mwaka 2022 pekee, na karibu nusu ya waliokufa hawakuwamo katika gari lililovunja sheria: walikuwa wakivuka kwa miguu, wakiendesha baiskeli, au wamekaa katika gari la mtu aliyepewa kijani na akaiamini. Anayepita nyekundu kwa kawaida humgonga mwenzake ubavuni, na ubavuni mwa gari hakuna injini wala bampa ya kupokea kishindo. Pana mlango tu, na nyuma ya mlango pana mbavu za abiria.

Je, kamera zinapunguza ajali?

Zinapunguza aina moja ya ajali na kuongeza aina nyingine. Utafiti wa mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2005, uliochunguza makutano 132 katika maeneo 7, ulikuta kwamba magari kugongana ubavuni kulipungua kwa takriban asilimia 25, na magari kugongwa kwa nyuma kuliongezeka kwa takriban asilimia 15. Sababu ya ongezeko hilo haihitaji utaalamu: dereva wa mbele akiikumbuka kamera hufunga breki ghafla, na wa nyuma yake, aliyekwisha kuamua kwamba wote wawili watapita, humkuta amesimama. Watafiti waliona kwamba faida ndogo bado ilibaki, kwa kuwa kugongwa nyuma mara nyingi huishia kwenye taa zilizovunjika na shingo inayouma, ilhali kugongwa ubavuni huishia hospitali au makaburini.

Huko Chicago uongozi wa jiji ulijivunia kwamba ajali hatari za ubavuni zilikuwa zimepungua kwa asilimia 47. Gazeti la Chicago Tribune halikuridhika na hesabu hiyo, likawapa kazi wataalamu wa usafiri wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, nao mwaka 2014 wakaja na asilimia 15 tu ya punguzo katika ajali za ubavuni zenye majeruhi, pamoja na ongezeko la asilimia 22 katika zile za kugongwa nyuma zenye majeruhi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, safari hii kwa fedha za jiji, walikuta punguzo la asilimia 19 na ongezeko la asilimia 14, na ajali za majeruhi kwa jumla kupungua kwa asilimia 10. Ukiziweka hesabu hizi mbili za mwisho pamoja, utaona kwamba hazipishani sana. Kilichokuwa peke yake ni kile cha asilimia 47.

Inawezekanaje jiji moja litoe asilimia 47 na wataalamu watoe 15?

Inatosha kuchagua vizuri pa kuanzia. Chukua makutano ambayo kwa wastani huwa na ajali 4 kwa mwaka. Mwaka mmoja, kwa bahati mbaya tu, zinatokea 8. Wananchi wanapiga kelele, diwani anaandika barua, kamera inafungwa. Mwaka unaofuata ajali zinarudi kuwa 4, kama ambavyo zingerudi hata kama pangefungwa sanduku tupu lililopakwa rangi, na ofisi ya jiji inatangaza kwamba kamera imezipunguza kwa nusu. Mtafiti makini hujikinga na kosa hili kwa kulinganisha miaka mingi badala ya miwili, na kwa kuyalinganisha makutano yenye kamera na mengine yanayofanana nayo yasiyo nayo. Mambo mengine pia huathiri hesabu: magari yenyewe yamekuwa na breki bora na mifuko ya hewa, na kuna miaka ambayo uchumi ukidorora watu hupunguza safari.

Jambo lililonivutia zaidi katika kazi ya Texas A&M halikuwa asilimia. Wataalamu walieleza kwamba kamera zilizowekwa kwenye makutano ambayo tangu mwanzo hayakuwa na ajali nyingi za majeruhi hazikuleta faida ya usalama. Hapo swali linabadilika: si tena kama kamera zinafanya kazi, bali ni kwa nini zilifungwa mahali pasipo na kazi ya kufanya.

Taa ya njano inapaswa kuwaka kwa muda gani?

Mimi ningeanza na swali hili kabla ya yote, maana muda wa njano huamua ni wangapi watanaswa kuliko tabia ya madereva inavyoamua. Mwongozo wa kitaifa wa Marekani unataka njano idumu kati ya sekunde 3 na 6 kulingana na mwendo wa barabara, na Chicago iliweka sekunde 3 kwa barabara za maili 30 kwa saa, yaani takriban kilomita 48.

Tuifanye hesabu. Kwa mwendo huo gari hukata mita 13 na ushee kila sekunde. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wengi, iliyotokana na kazi ya wanasayansi Gazis, Herman na Maradudin ya mwaka 1960, humpa dereva sekunde moja ya kuona na kuamua, kisha hukadiria kwamba atafunga breki kwa ukawaida bila kuwatupa abiria mbele. Kwa hesabu hiyo anahitaji takriban mita 43 ili asimame. Lakini katika sekunde 3 za njano gari lake litakwenda mita 40 tu. Basi fikiria njano imewaka akiwa amebakiwa na mita 42 kufikia mstari: akifunga breki kistaarabu atasimama mguu mmoja ndani ya makutano, na akiendelea kwa mwendo halali nyekundu itamkuta kabla ya mstari. Hana kosa alilofanya, na hana njia ya kutofanya kosa isipokuwa kukanyaga breki kwa nguvu zote na kumwombea heri aliye nyuma yake. Njano ikiongezwa sehemu ndogo ya sekunde, ikafika 3.2, mtanziko huo hutoweka kwa mwendo huo. Hakuna kifaa cha kununua; ni kubadili namba katika kisanduku.

Kanuni hiyo nayo ina pengo. Mats Järlström, mtaalamu wa vifaa vya elektroniki anayeishi jimbo la Oregon, alianza kuichunguza baada ya mkewe kuandikiwa faini ya kamera mwaka 2013, akaonyesha kwamba haimtoshelezi dereva anayepunguza mwendo ili akate kona. Bodi ya wahandisi ya jimbo ikampiga faini ya dola 500 kwa madai kwamba anafanya uhandisi bila leseni. Alikwenda mahakama ya shirikisho na akashinda mwaka 2018, na baadaye chama cha wahandisi wa usafiri kilitoa mwongozo mpya wa muda wa njano unaozingatia magari yanayokata kona.

Sekunde 2.9 ni kisa gani?

Ni kisa cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka 2014, wakati jiji la Chicago likihamisha kazi ya kamera kutoka kampuni moja kwenda nyingine, notisi zilianza kutolewa hata pale ambapo njano ilikuwa imedumu sekunde 2.9, ilhali awali notisi za chini ya 3.0 zilikuwa zikikataliwa. Mkaguzi mkuu wa jiji, Joseph Ferguson, alieleza kwamba notisi zipatazo 77,000 zilitoka kwa njia hiyo, zenye thamani ya takriban dola milioni 7.7. Jiji lilirudi kwenye kipimo cha zamani, lakini halikurudisha fedha hizo.

Miaka mitatu baadaye, kufuatia mapendekezo ya Northwestern, jiji liliongeza muda wa msamaha baada ya nyekundu kuwaka, kutoka sekunde 0.1 hadi 0.3. Kwa dereva aliyekuwa amebakiwa na mita 42, hiyo ni tofauti kati ya dola 100 na kutotozwa kitu.

Je, ni kweli kulikuwa na rushwa?

Si tetesi, ni hukumu. John Bills, aliyekuwa afisa wa ngazi ya juu katika idara ya usafiri ya jiji, alipatikana na hatia Januari 2016 ya kupokea hongo ili kampuni ya Redflex ipate na kuendelea kupata mkataba wa kamera, na akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Hongo ilihesabiwa kwa kila kamera iliyofungwa, na miongoni mwa alivyofaidi ni nyumba huko Arizona, jimbo ambalo kampuni hiyo ilikuwa na makao yake ya Marekani. Karen Finley, aliyekuwa mkuu wa Redflex nchini humo, alikiri kosa na kufungwa. Kampuni ililipa jiji dola milioni 20 mwaka 2017 ili kumaliza madai.

Katika vitongoji vinavyoizunguka Chicago hadithi ilijirudia kwa sura nyingine: seneta wa jimbo Martin Sandoval alikiri mwaka 2020 kwamba alipokea hongo ili awe mlinzi wa maslahi ya biashara ya kamera katika bunge la Illinois.

Hapa ndipo hoja ya maadili inapokuwa nzito kuliko hoja ya takwimu. Anayelipwa kwa idadi ya kamera hana sababu ya kuuliza kama makutano fulani yanahitaji kamera. Sheria ya Illinois inakataza mwenye mtambo kulipwa kwa kufuata idadi ya faini au mapato yake, na katazo hilo ni jema, lakini haligusi idadi ya vifaa, na fedha hazikosi mwanya.

Kama si mimi niliyeendesha, kwa nini notisi inakuja kwangu?

Kwa sababu Illinois huihesabu kuwa deni la gari na si kosa la dereva. Notisi huenda kwa mwenye gari, haiongezi alama mbaya kwenye leseni, na kiwango chake cha mwanzo ni dola 100. Ukimwazima shemeji yako gari akapita nyekundu, mtamalizana wenyewe nyumbani. Gari likiwa la kukodi, kampuni huweza kumtaja aliyelikodi, na mara nyingi humtoza ada yake juu ya faini.

Utaratibu huo haukubaliki kila mahali. Mahakama Kuu ya jimbo la Missouri iliubatilisha mfumo wa jiji la St. Louis mwaka 2015 kwa sababu ulimlazimisha mwenye gari athibitishe kwamba si yeye aliyekuwa nyuma ya usukani, wakati ni kazi ya mshtaki kuthibitisha kwamba ndiye. Mwenye kutetea kamera atajibu kwamba tiketi ya kuegesha vibaya nayo humwendea mwenye gari na hakuna anayelalamika. Jibu hilo lina nguvu, lakini linamgharimu anayelitoa: kama kupita nyekundu ni hatari kiasi cha kuua watu, kukilinganisha na kuegesha vibaya ni kukishusha.

Kwa nini watu hukasirikia zaidi faini za kukata kulia?

Nchini Marekani magari huendeshwa upande wa kulia, na kwa kawaida dereva huruhusiwa kukata kulia wakati wa nyekundu baada ya kusimama kabisa na kuona njia ni nyeupe. Wengi hawasimami kabisa. Hupunguza mwendo hadi gari linatambaa, huangalia kushoto, kisha huendelea. Kamera hunasa kutambaa huko sawasawa na inavyomnasa anayekatiza makutano kwa kilomita 70 kwa saa, na faini ni ileile. Kisheria hakuna utata. Lakini kamera ziliuzwa kwa wananchi kwa picha za magari yaliyokunjika ubavuni, kisha bahasha zikaja kwa kutambaa, na mtu ana haki ya kuona kwamba alichonunua sicho alicholetewa. Ningewatetea waliopigwa faini hizi kwa moyo wote, isipokuwa kwa jambo moja: dereva anayekata kulia huku akitazama kushoto hamwoni anayevuka kwa miguu kutoka kuliani mwake.

Ni nani hasa anaumia na faini hizi?

Kamera haioni rangi ya mtu wala haijui mshahara wake, na kwa miaka mingi hilo lilitajwa kama sifa yake kuu ikilinganishwa na askari. Hata hivyo uchunguzi wa shirika la habari la ProPublica uliotolewa mwaka 2022, uliohusisha kamera za taa pamoja na za mwendo kasi, ulikuta kwamba kati ya 2015 na 2019 kaya za maeneo ya Chicago yenye Weusi wengi na yenye Walatino wengi ziliandikiwa faini kwa kiwango cha takriban mara mbili ya maeneo ya Wazungu. Sehemu ya maelezo iko barabarani: mitaa mingi ya watu Weusi imepasuliwa na barabara pana karibu na barabara kuu za kasi, zenye viwanja vitupu pembeni na watembea kwa miguu wachache, na barabara ya namna hiyo humwambia dereva aongeze mwendo hata kama kibao kinasema vingine.

Kisha kuna hesabu ya kuchelewa. Faini ya dola 100 isipolipwa kwa wakati huwa 200, na ikipelekwa kwa wakusanya madeni huongezwa asilimia 22, ikawa dola 244. Kwa mwenye akiba, kosa ni dola 100. Kwa aliyekuwa akisubiri mshahara, kosa lilelile ni zaidi ya mara mbili. Mwaka 2017 jiji lilikubali kutoa dola milioni 38.75 kumaliza kesi ya madereva waliosema kwamba faini zao ziliongezwa bila kutumiwa notisi ya pili kama sheria ilivyotaka. Mwaka 2022 jiji lilianzisha mpango wa kuwapunguzia madeni wenye kipato kidogo.

Kuna miji iliyoziondoa?

Ipo mingi. Wananchi wa Houston, jimbo la Texas, walipiga kura mwaka 2010 kuzikataa, na mwaka 2019 jimbo zima likazipiga marufuku. Wachumi Justin Gallagher na Paul Fisher walizichunguza ajali za Houston kabla na baada ya kura hiyo, wakakuta kwamba kamera zilipoondoka kugongana ubavuni kuliongezeka, ajali za aina nyingine zikapungua, na jumla ya ajali na ya majeruhi haikuonyesha kwamba kamera zilikuwa zikiwakinga watu. IIHS kwa upande wake, mwaka 2016, ililinganisha miji iliyozizima na iliyoziacha ziendelee, ikakuta viwango vya vifo katika ajali za kupita nyekundu ni vya juu kwa asilimia 30 katika ile iliyozizima. Matokeo haya hayakanushani kama yanavyoonekana, kwa kuwa mmoja anahesabu ajali zote na mwingine anahesabu vifo vya aina moja.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kamera?

Zipo za bei rahisi: njano yenye muda sahihi, sekunde moja ambayo pande zote ni nyekundu kabla ya kijani kuwaka, na taa kubwa zinazoonekana mbali. Ya gharama zaidi, na iliyo bora kuliko zote pale penye nafasi, ni kuondoa taa na kujenga kipilefti. Mji wa Carmel katika jimbo la Indiana umejenga zaidi ya vipilefti 150. Mtu anayezunguka kipilefti anaweza kukosea na kumkwaruza mwenzake, lakini hawezi kumgonga ubavuni kwa mwendo wa barabara iliyonyooka, na hakuna nyekundu ya kupita.

Bahasha imefika. Nifanye nini?

Kwanza tazama video, kwa kuwa notisi huwa na maelekezo ya kuiona. Angalia kama namba za gari ni zako kweli, na kama tairi za mbele zilikuwa zimevuka mstari kabla ya nyekundu kuwaka. Soma muda wa njano ulioandikwa. Katika sakata la 2014 wapo waliofutiwa faini kwa sababu waliusoma. Zipo sababu zinazokubalika za kupinga, kama vile gari au namba zake kuibwa kabla ya kosa, kulipisha gari la wagonjwa au la zimamoto, au kuwa katika msafara wa mazishi. Ukipinga, pinga kabla ya tarehe iliyoandikwa, na utunze nakala ya ulichotuma. Ukiona kwamba ulikosea kweli, lipa mapema ingali dola 100.